Kuishi na pumu ya ngozi katika baridi ya nyanda za juu

Baridi kavu ya Juni inapoingia Mbeya, Makete na Mufindi, wenye pumu ya ngozi hujikuna hadi kutoka damu, na wengi hulaumu chakula ilhali adui mkubwa ni ukavu. Ngozi yao haishiki unyevu vizuri. Inapokauka huwasha, na kila inapokunwa huzidi kuwasha.

Kwanza hakikisha kwamba si upele wa kuambukiza (skebi), unaoletwa na vijidudu wanaochimba ngozi. Upele huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja, ndiyo maana hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja. Pumu ya ngozi haiambukizi: kwa mtoto mchanga hutokea zaidi mashavuni, kwa wakubwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mara nyingi katika ukoo yupo mwenye pumu ya kifua.

Oga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto (ushauri mgumu, nakubali, kwa aliyeamka alfajiri Makete), kwa muda usiozidi dakika 10, na sabuni isiyo na manukato. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, kisha, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili mzima. Rudia jioni, hata siku usizowashwa, kwa sababu wengi huacha mafuta mara tu wanapopata nafuu na baada ya wiki chache hurudi walikotoka. Kata kucha, na vaa fulana ya pamba ndani ya sweta la sufu.

Ngozi ikichachamaa, mafuta pekee hayatoshi. Mtaalamu wa afya atakuandikia krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Krimu iliyokamuliwa kama mstari juu ya pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima inatosha eneo la viganja vyake viwili pamoja na vidole, na hupakwa kwa siku alizoelekeza tu. Epuka krimu za mchanganyiko zinazouzwa kiholela, maana nyingi zina steroidi kali ambayo ikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na kama tatizo lilikuwa fangasi, huificha huku ikienea.

Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali, au malengelenge madogo yenye maumivu yakiambatana na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.