Kuchoma unga wa aloi ya nano bila ya punje kukua

Wenzangu, mtu alozoea kuona vyungu vikichomwa huku kwetu Pemba anajua udongo ukikurupushwa na moto unapasuka, basi huu unga wa aloi, yaani metali zilochanganywa, ni kinyume chake, ukienda nao pole pole ndo unauharibu. Kila chembe ilotoka kwenye kinu cha gololi ndani yake mna punje, yaani fuwele ndogo ndogo za metali, chini ya nanometa 100 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ugumu wa aloi unatokana na udogo wa punje hizo. Sasa joto lile lile linaloziba matundu baina ya chembe ndo linalozikuza punje, kwahio kazi yote ni kuziba matundu kabla punje hazijawahi kukua.

Shaba tupu usiihangaikie, punje zake zinakua hata kwa moto mdogo. Tia metali ya tantalamu kidogo, haiyayuki ndani ya shaba, inakaa mipakani mwa punje inazizuia zisikue.

Unga uweke kwenye agoni, gesi isoungana na kitu, tangu kinuni. Mie masika moja nilifungua mtungi nje hivi hivi, na unyevu wetu huu wa bahari, kesho yake unga umebadilika rangi, ushapata kutu, na tabaka lile la oksaidi linazuia chembe zisishikane, kazi ya wiki nzima ikapotea iliniuma sana. Jengine la hatari, unga laini wa titaniamu au aluminiamu unaweza kuwaka wenyewe ukipata hewa ghafla, na ukiwaka usimwagie maji, mwagia mchanga mkavu. Kama ulitia asidi ya steariki kinuni, ile ya kuzuia unga usigandane, itoe kwanza kwa moto mdogo ndani ya vakyumu, yaani pasipo hewa, la sivyo gesi inabaki ndani.

Halafu moto. Ukipata mashine ya SPS, ile inayopitisha umeme wa mapigo kwenye kalibu ya grafaiti, pandisha kama digrii 100 kwa dakika, gandamiza MPa 50 hivi (MPa ni megapaskali, kipimo cha mgandamizo), shikilia dakika 5 kisha zima. Grafaiti usiipandishe zaidi ya MPa 100, inavunjika. Ukikosa, hotipresi ya vakyumu, tanuri linalochoma huku likigandamiza, inafaa, ila punguza joto uzidishe mgandamizo. Umeme ukikatika katikati usirudie kuchoma kipande hicho hicho, punje zishapata joto mara moja zitazidi kukua.

Mwisho pima uzito hewani na majini upate densiti, shaba tupu isokuwa na matundu ni gramu 8.96 kwa sentimeta ya ujazo, kisha piga eksirei ya difraksheni, inayotoa mchoro wa vilele kutokana na punje, vilele vikiwa vyembamba kuliko vya unga ujue punje zimekua.