Namna ya Kupima Garneti ya Umba Inayobadilika Rangi Kabla ya Kuinunua

Anayenunua vito hapa Tanga mjini huletewa mawe mengi yanayosemekana kutoka Bonde la Umba, na garneti inayobadilika rangi ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwani ni adimu na bei yake hutegemea tabia ambayo muuzaji mjanja anaweza kuiigiza kwa taa. Garneti hii ni mchanganyiko wa piropi na spesatini, ambazo ni aina mbili za garneti. Madini ya vanadiamu na kromiamu yaliyomo kwa kiasi kidogo hufyonza mwanga wa njano na kuacha wa kijani na mwekundu upite.

Kwanza, lioshe jiwe kwa sabuni, kisha litazame mchana ukiwa kivulini karibu na mlango, mahali jua lisipopiga moja kwa moja. Usiku litazame tena kwa mshumaa au balbu ya zamani yenye waya unaowaka. Jiwe zuri hutoka kijani chenye ukijivu au ubuluu na kuwa jekundu la zambarau. Taa za LED usizitegemee, maana nyingi hutoa mwanga usiolingana na wowote kati ya hizo mbili. Likitoka hudhurungi likaingia hudhurungi yenye wekundu, mimi silihesabu kuwa limebadilika, hata muuzaji aape.

Pili, chukua lenzi mbili za miwani ya jua ya polaroidi, uzipishanishe mpaka giza liingie, kisha zungusha jiwe katikati yake. Garneti hubaki na giza, ama huonyesha mawingu hafifu. Yakuti, kito kingine kinachoweza kufanana nayo, hung'aa na kufifia kwa zamu. Hatua hii usiiruke, kwa sababu zipo yakuti za Umba ambazo nazo hubadilika rangi.

Tatu, pima uzito kwa mzani wa sonara unaosoma gramu 0.01. Baada ya kupata uzito wa jiwe likiwa kavu, weka bilauri ya maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi mwembamba hadi lizame lote bila kugusa kitako wala ukingo. Viputo vilivyoganda juu yake viondoe kwa brashi. Jiwe la gramu 2.30 likionyesha 0.60, gawanya 2.30 kwa 0.60: utapata 3.83, yaani jiwe ni zito mara 3.83 kuliko maji ya ujazo uleule, namba inayofaa garneti hii. Yakuti hutoa takriban 4.00 na spineli, kito kingine cha kufanana, 3.60. Kwa jiwe lisilofika gramu 1, mzani huu hauna usahihi wa kutosha.

Kwa jiwe dogo, basi, liweke juu ya kipande cha sponji kinachoelea, usogeze sumaku kali ya neodimiamu bila kuligusa. Manganizi na chuma vilivyomo huivuta garneti. Yakuti ya kutengenezwa haisogei.

Thamani huongozwa kwanza na nguvu ya mabadiliko ya rangi, kisha usafi na ukubwa. Yaliyochongwa, safi na yenye kuzidi karati 5 (gramu 1), ni nadra. Mkusanyaji hutazama pia asili. Mawe mengi ya Umba huokotwa kwenye changarawe yakiwa yamesuguliwa, hivyo lenye pande zake za asili lisipelekwe kwa mchongaji kwa pupa. Andika kwenye karatasi yake kijiji na shimo lilikotoka, kwa mfano Kalalani, uiambatanishe na stakabadhi ya mauzo, kwa kuwa garneti za namna hii hutoka pia Madagaska na Sri Lanka, na macho matupu hayawezi kuzitenganisha.