SOMO: Kupiga solo la sebene kwa nyuzi mbili tu

Wakuu, naona wengi mnazijua kodi (chords) za C, F na G ila sebene, ile sehemu ya kucheza ya muziki wa Kikongo ambapo gitaa linatawala, ikiingia mnabaki kukung'uta zilezile. Tyuni gitaa kawaida, E A D G B E kuanzia uzi mnene, tuanze.

Kwanza mkono wa kulia, na hapa usiruke maana ndo penye utamu wote. Laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja (pale nyuzi zinapolalia kwenye mwili wa gitaa), usikandamize, gusa tu, halafu piga. Mlio unatoka mfupi mkavu, hiyo ndo palmi myuti. Zoea hivyo taratibu kwa metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) mpaka mkono usikimbie.

Sasa uzi wa 2 na wa 1 (wa 1 ndo ule mwembamba kabisa), unapiga zote kwa pamoja. Kodi ya C: uzi wa 2 freti ya 1 na uzi wa 1 wazi, kisha freti ya 5 na ya 3. F: 6 na 5, halafu 10 na 8. G: 8 na 7, halafu 12 na 10. Namba ya kwanza ni uzi wa 2 siku zote. Zunguka C, F, C, G bila kusimama, utaanza kusikia Kinshasa hapo hapo.

Hamaoni: laza kidole cha shahada freti ya 3 kwenye nyuzi zote mbili, piga, papo hapo kidole cha pete kigonge freti ya 5 ya uzi wa 2, usipige tena kwa kulia. Ukikichomoa kwa kuukwaruza uzi kidogo, irudi sauti ya freti ya 3, hiyo ni pulofu. Slaidi ni kuteleza tu, bila kuachia uzi.

Maswali

*Mkuu, mi-solo ni nini?*
Ni gitaa la kati ya ridhimu na solo, linarudia kipande kimoja kifupi kujaza mapengo. Kwenye bendi zetu za dansi kazi hiyo mara nyingi iko kwa second solo.

*Kwaya yetu inaimba D, nifanyeje?*
Funga kapo (kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa) freti ya 2, shika maumbo yaleyale ya C na uhesabu freti kuanzia kwenye kapo.

*Nina gitaa kavu (lisilo la umeme), freti ya 12 siifikii vizuri.*
G ibaki kwenye 8 na 7 tu, au shuka 3 na 1 ukigusia, inakubali kabisa.