Tende za chokoleti, jikoni kwangu Tanga

Mara ya kwanza niliharibu chokoleti gramu 200 kwa tone la maji. Kijiko kilikuwa na unyevu tu, basi, ikaganda mabonge mabonge kama uji uliomshinda mpishi. Kwa hiyo kabla ya yote: bakuli, kijiko, mikono, vyote vikavu kabisa.

Pasua tende 20 laini upande mmoja, toa kokwa, tia korosho moja ya kukaanga, kisha bana irudi umbo lake. Embe kavu nalo linafaa. Embe lenye maji usihangaike nalo, chokoleti itateleza.

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, zima moto, weka bakuli juu lisiguse maji. Katakata chokoleti nyeusi, yeyusha theluthi mbili. Ipua, futa bakuli chini, tia theluthi iliyobaki na ukoroge polepole mpaka iyeyuke yote. Mng'ao unatoka hapo. Gusisha kidogo mdomoni: ukiisikia ya ubaridi kidogo, iko tayari.

Chovya kwa uma, gonga uma ukingoni ili ziada idondoke, laza kwenye karatasi ya kuokea. Mimi hunyunyiza punje chache za chumvi. Mume wangu anasema ni wazimu, ila sahani huimaliza yeye.

Siagi ya kakao, yale mafuta yaliyomo kwenye chokoleti, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na Februari huku hatuko mbali na hapo. Zitie friji dakika 15, kisha kwenye kopo lenye kifuniko. Ukiziacha wazi zitanuka samaki wa jana.