Kufunga dishi ukiwa safarini na gari la kulala, kuanzia Iringa hadi Tunduma

Kama una Coaster uliyoing'oa viti ukaweka kitanda na jiko, au unaongoza wageni wanaotembea na gari lao la kulala, suala la TV litakuja tu, hasa siku ya Simba na Yanga. Wanaohangaika na dishi hadi giza linaingia huwa wanageuza vitu vitatu kwa mpigo: mwinuko (dishi linatazama juu kiasi gani), uelekeo (linatazama upande gani) na LNB (kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi). Hapa tutapanga mambo ili ukifika kituoni ubaki na kimoja tu cha kugeuza.

Neno kwa wenye magari yaliyotoka Ulaya: lile dishi la kujitafutia lenyewe juu ya paa limepangiwa setilaiti za Ulaya, na mengi ni madogo. Liache likae. Beba dishi la kawaida la sentimita 90, stendi ya miguu mitatu, mita 15 za kebo ya dishi (RG6), pimamaji dogo na spana.

Hatua ya 1: Tazama anga kabla ya kuzima injini

Setilaiti ya Azam TV iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta. Sisi tuko mashariki zaidi yake, kwa hiyo kutoka huku kwetu iko magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo: dira isome kama 284 ukiwa Iringa mjini, na 287 ukiwa Mbeya. DStv iko longitudo ya nyuzi 36 mashariki, yaani karibu na utosi, upande wa kaskazini. Ndiyo maana ukipita Mafinga au Uyole utaona madishi juu ya mabati yamegawanyika makundi mawili: yaliyotazama machweo na yaliyolala chali. Ukichanganyikiwa, paa la jirani ndiyo dira yako.

Mlima usikutishe. Setilaiti ya nyuzi 7 inakaa juu, nyuzi 55 hivi Iringa na 57 Mbeya, kwa hiyo hata ukilala chini ya safu ya Uporoto, mawimbi yanapita juu yake. Adui ni mti. Ukiegesha kandokando ya paini za Sao Hill, mti unaolizidi dishi kwa urefu wa mita 20 unataka dishi likae mita 14 kutoka ulipo, na mimi huacha 16 kwa sababu matawi hucheza na upepo. Gari linaweza kukaa kivulini, dishi likatoka nje kwenye uwazi. Kebo ndefu ni kwa ajili hiyo.

Hatua ya 2: Nguzo isimame wima kabisa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokosea. Nguzo ikiinama nyuzi mbili tu, kipimo cha mwinuko unachokisoma kwenye dishi ni cha uongo, na ukizungusha dishi linapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Dishi la sentimita 90 linaona kipande cha anga cha kama nyuzi 2. Ukikosea hapo hakuna cha kubahatisha.

Weka pimamaji ubavuni mwa nguzo, rekebisha miguu. Kisha lihamishie ubavu wa pili, robo ya mzunguko, urekebishe tena. Rudi wa kwanza uhakikishe haujaharibika. Chini ya mguu uliopungua weka kipande cha ubao. Jiwe huzama udongo ukilowa. Ning'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji katikati ya stendi. Pale Makambako upepo hauombi ruhusa, na dishi ni tanga.

Hatua ya 3: Weka mwinuko, halafu usahau

Fuata namba zilizochongwa kwenye kishikio cha nyuma. Kwa Azam: 55 Iringa, 56 Makambako, 57 na nusu Mbeya, 58 Tunduma. Umeona? Barabara yote hiyo, tofauti haizidi nyuzi 3. Chora alama kwa rangi ya kucha, moja ya Iringa na nyingine ya Mbeya, kaza bolti, na usiilegeze tena hadi uhame mkoa.

Kama kishikio hakina namba na unapima kwa simu, usishtuke ukiona uso wa dishi umeinama kidogo tu. Madishi haya hupokea kwa pembeni, kwa hiyo uso husoma pungufu kwa nyuzi 20 hadi 25.

Hatua ya 4: Kebo

King'amuzi kiwe kimezimwa unapofunga kebo, kwani umeme wa volti 13 au 18 hupanda kwenda kwenye LNB. Waya wa shaba utokeze milimita moja au mbili mbele ya konekta, na unyuzi wowote wa wavu wa kebo usiuguse.

Hatua ya 5: Zungusha kwa upana wa kidole

Washa, fungua ukurasa wa signali. Kuna mistari miwili: nguvu na ubora. Fuata ubora, nguvu hupanda hata dishi likitazama pasipo na kitu.

Pima uelekeo kwa dira ukiwa hatua kadhaa kutoka kwenye gari, maana bodi la chuma huipotosha. Elekeza dishi kushoto zaidi ya hapo, kisha shika ukingo wake na usogeze kulia upana wa kidole kidogo, karibu sentimita moja. Hiyo ni kama nyuzi moja. Hesabu hadi tano, king'amuzi kinahitaji muda. Sogeza tena. Ubora ukipanda lakini chaneli zako hazifunguki, umekamata setilaiti ya jirani, endelea.

Ukishapata, legeza LNB uizungushe taratibu hadi ubora ufike kileleni. Kwa Azam huku itakaa imepinda sana, si wima, usidhani imeharibika. Iwekee alama nayo.

Umeme na mvua

TV ya inchi 24 na king'amuzi hula kama wati 40 hadi 45. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni kama ampea 3 na nusu, kwa hiyo mechi na uchambuzi wake, saa tatu, ni ampea-saa 11 hivi. Nyingi za vifaa hivi hutumia adapta ya volti 12. Soma kibandiko chake, huenda inveta huihitaji kabisa.

Ukungu wa Mufindi mnausingizia bure, haukati picha. Mvua nzito ya Tukuyu ndiyo hukata. Ikitokea, usiguse dishi: ubora utarudi wingu likipita, lakini ukisogeza utarudi hatua ya 5 ukiwa umelowa.

Ukisimama usiku mmoja tu

Antena ya vijiti (UHF) na king'amuzi cha antena hutosha ukiwa mjini. Mbeya mjini ielekeze mlima Loleza, kwenye minara. Hapa mlima una neno: ukiwa nyuma yake, hupati kitu. Vijiti vya antena vilaze au visimamishe kama walivyofanya wenye nyumba za jirani. Ukiwa karibu na mnara zima busta (kikuza mawimbi), mawimbi yakizidi picha hugandaganda.

Asubuhi ukifungasha, chomoa kebo, vua LNB na mkono wake, funika konekta kwa nailoni. Bolti ya mwinuko iache ilivyo.