Kupima kundi la damu kwa kigae, na pale makosa yanapojificha

Malaria inapopamba moto mkoani Kigoma, watoto hufikishwa kituoni viganja vikiwa vimepauka na damu ikitakiwa saa hiyohiyo. Kituo kisicho na mashine kubwa hupima kundi kwa kigae cheupe na matone machache ya vitendanishi. Njia hiyo inatosha kabisa, mradi anayeitumia ajue kinachotokea ndani ya tone.

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Iweke sampuli wima kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia kuganda, nayo itajitenga. Juu hukaa plazma ya manjano, asilimia 55 hivi. Katikati ni utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani, usiofika asilimia 1, na chini zimelala chembe nyekundu. Mtoto mwenye hemoglobini ya gramu 5 kwa desilita ana chembe nyekundu kiasi cha asilimia 15 tu, kwa hiyo sampuli yake huonekana karibu yote ni plazma. Likumbuke hilo, maana linavuruga kipimo.

Kundi lina pande mbili. Juu ya chembe nyekundu kuna antijeni, yaani alama za utambulisho: A, B, zote mbili, au hakuna. Ndani ya plazma zimo kingamwili, protini zinazoshika na kukusanya chembe zenye ile antijeni ambayo mtu hana. Mwenye A ana kingamwili za B, mwenye B ana za A, mwenye O anazo zote mbili, na mwenye AB hana hata moja. Karl Landsteiner alieleza jambo hili mwaka 1901 baada ya kuchanganya damu za wenzake wa maabara huko Vienna. Kingamwili hizo mtu huwa nazo hata kama hajawahi kuongezewa damu, na ndiyo sababu chupa ya kwanza kabisa inaweza kuua. Rh, kundi jingine linalotegemea antijeni iitwayo D, ni tofauti: asiye na D (Rh hasi) hutengeneza kingamwili baada ya kukutana nayo, kwa damu aliyowekewa au kwa ujauzito. Kwa hiyo mama mwenye Rh hasi aliyejifungua mtoto mwenye Rh chanya anatakiwa kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72.

Sasa kigae. Toa vitendanishi, vimiminika vyenye kingamwili zinazojulikana (anti-A ni dhidi ya A, anti-B dhidi ya B, anti-D dhidi ya D), kwenye friji (hukaa nyuzi 2 hadi 8) na uhakikishe tarehe. Anti-A ina rangi ya buluu, anti-B ya manjano, anti-D kwa kawaida haina rangi. Andika jina na namba ya mgonjwa kwenye kigae kabla ya kudondosha chochote. Dondosha tone moja la kila kitendanishi mahali pake, na la nne liwe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ambalo ndilo shahidi wako. Ongeza tone la damu kando ya kila moja, changanya kwa kijiti kipya kila mara, tandaza kwa upana wa sentimita 2 hivi, kisha yumbisha kigae polepole kwa dakika 2 na usome papo hapo.

Anti-A pekee ikikusanya chembe kuwa vipande, kundi ni A. Anti-B pekee, ni B. Zote mbili, ni AB. Hakuna, ni O. Anti-D ikikusanya, Rh ni chanya. Tone la maji ya chumvi lisikusanye kitu. Likikusanya, matokeo yote ya kigae hicho yatupe.

Joto la Kigoma mchana hukausha matone haraka, na ukingo uliokauka hufanana sana na chembe zilizokusanyika. Anayesoma dakika ya tano anasoma ukavu. Chembe pia hupangana kama sarafu pale protini za plazma zinapozidi. Zioshe kwa maji ya chumvi mara tatu, rudia. Kwa mtoto mwenye damu kidogo sana kosa huja kinyume: chembe ni chache mno kiasi kwamba mkusanyiko hauonekani, naye anaandikwa O. Zungusha sampuli yake kwenye sentrifuji, chukua chembe za chini, ndipo upime. Aliyeongezewa damu wiki chache zilizopita naye huonyesha vipande vikiogelea kati ya chembe huru, kwa kuwa amebeba damu za watu wawili. Hapo usikisie, tafuta rekodi ya zamani.

Thibitisha kwa kupima upande wa pili: plazma ya mgonjwa na chembe zinazojulikana za A na za B. Pande mbili zikipingana, hujamaliza. Kwa mtoto wa chini ya miezi 4 upande huu hausaidii, kwani kingamwili zilizomo ni za mama yake.

Usidanganyike kwamba O inamfaa kila mtu. Chembe nyekundu za O zilizotenganishwa, ndiyo, Rh ikizingatiwa. Damu nzima ya O imebeba plazma yenye kingamwili za A na B. Bora kundi lilelile, halafu linganisha: matone 2 ya plazma ya mgonjwa na tone 1 la chembe za mtoaji zilizopunguzwa hadi asilimia 5 au chini. Zungusha, tazama kama chembe zimekusanyika, weka nyuzi 37 kwa dakika 30, osha mara tatu, malizia na kitendanishi cha Coombs, kinachofichua kingamwili zilizoshika chembe bila kuzikusanya.

Yote hayo huharibiwa na lebo. Wodi moja ya Ujiji inaweza kuwa na Juma Ramadhani wawili, na lebo ya “mtoto wa Asha” haimtambulishi mtu. Jina kamili na namba ya faili viandikwe hapohapo kitandani, baada tu ya kutoa damu.

Damu ikitoka kwenye friji ianze ndani ya dakika 30 na iishe ndani ya saa 4. Mtoto hupewa mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, au 10 za chembe nyekundu. Dakika 15 za kwanza usimwache. Akitetemeka, akapata homa, akalalamika mgongo au mkojo ukawa mwekundu, funga damu mara moja, iache sindano kwenye mshipa na weka maji ya chumvi kwa mpira mpya. Mwite daktari, rudisha chupa maabara pamoja na sampuli mpya. Kisha angalia nani mwingine alitolewa sampuli saa ileile: kama lebo zilibadilishana, naye yuko hatarini.