Akaunti uliyofunguliwa dukani: jinsi ya kukagua, kupunguza na kuomba kufutiwa taarifa zako

Shangazi yangu ana meza ya mboga Soko la Majengo, hapa Dodoma. Simu yake ya kwanza ya kugusa aliinunua mjini, na kijana aliyemuuzia alimfanyia kila kitu palepale kaunta: akaingiza laini, akamfungulia barua pepe, akamwekea WhatsApp, akamkabidhi. Nenosiri hakuandikiwa. Miaka ikapita. Siku moja aliporudi kutoka msibani Kondoa alinionyesha simu, uso umembadilika. "Mwanangu, nani kaiambia hii simu kwamba nilikuwa Kondoa?"

Tuliketi tukaifungua akaunti. Kila alfajiri yake ya kutoka Nkuhungu kwenda sokoni ilikuwa imeandikwa, saa na njia. Maswali aliyoiuliza simu kuhusu presha yake yalikuwepo yote. Na kilichoniuma kuliko vyote ni namba ya kurejesha akaunti: haikuwa yake, ilikuwa ya mtu tusiyemjua.

Mwongozo huu nimeuandikia watu wa aina ya shangazi, na watoto na wajukuu wao ambao ndio watakaoshika simu na kuufuata. Natumia akaunti ya Google kama mfano mkuu kwa sababu simu nyingi tulizonazo ni za Android, na karibu kila moja huomba akaunti hiyo siku ya kwanza. Mwishoni nitaeleza namna ya kuandika maombi kwa kampuni ambayo haina kitufe cha kufuta.

Ujue kwanza kwamba unachodai ni haki yako. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Katika sheria hiyo wewe ni mhusika wa taarifa, na kampuni inayokuandika ni mkusanyaji. Mhusika anaweza kuuliza taarifa gani zake zimehifadhiwa, kutaka zirekebishwe, kutaka zifutwe, na kukataa zisitumike kumtangazia biashara.

Hatua ya kwanza: hakikisha akaunti ni yako

Wengi huruka hapa na kukimbilia kufuta. Usifanye hivyo. Kama namba ya kurejesha akaunti ni ya mtu mwingine, mtu huyo anaweza kuomba nenosiri jipya na kuingia wakati wowote, na kila utakachopanga atakipangua.

Fungua Mipangilio ya simu, gusa Google, kisha gusa Dhibiti Akaunti yako ya Google. Kama simu iko kwa Kiingereza na inakuchanganya, badilisha lugha ya simu iwe Kiswahili ndipo uendelee. Menyu nyingi zitakuwa zimetafsiriwa. Ndani ya sehemu ya usalama tafuta mambo matatu: namba ya simu ya kurejesha akaunti, barua pepe ya kurejesha, na orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kifaa usichokitambua, kitoe. Namba isiyo yako, ifute na uweke yako.

Hapo mfumo utakudai nenosiri usilolijua. Bonyeza kwamba umelisahau. Ukiwa kwenye simu ileile inayotumia akaunti, mara nyingi Google hukubali kukuthibitisha kwa ile namba ya siri au alama ya kidole unayofungulia simu. Weka nenosiri jipya, uliandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mtu akitaka kuingia, nenosiri pekee halitoshi, anadaiwa na uthibitisho wa pili, kwa mfano msimbo unaotumwa kwenye simu yako. Usishangae ukiona namba ya zamani bado inatajwa: Google inaweza kuendelea kuitumia kwa siku 7 baada ya mabadiliko. Kwa hiyo subiri wiki moja, rudi ukague tena vifaa, ndipo uamini.

Laini nayo iangalie. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama laini unayoitegemea kupokea msimbo ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, nenda kwa mtandao wako ukalimalize hilo kwanza, maana mwenye usajili anaweza kuirudisha laini mkononi mwake na misimbo yako ikaenda naye.

Hatua ya pili: tazama kilichokusanywa

Rudi kwenye Dhibiti Akaunti yako, ingia sehemu ya Data na faragha. Kuna mafungu matatu makubwa. La kwanza ni shughuli kwenye wavuti na programu: ulichotafuta, kurasa ulizofungua, maswali uliyouliza kwa sauti. La pili ni historia ya YouTube. La tatu ni maeneo uliyokwenda. Unaweza pia kufungua anwani ya myactivity.google.com ukaona shughuli zimepangwa siku kwa siku.

Kaa nayo nusu saa. Nawasihi hasa mnaomsaidia mzazi: mwacheni asome mwenyewe, au msomeeni polepole faraghani. Kuna maswali ya ugonjwa mle, kuna maswali ya ndoa, na si haki yenu kuyapitisha macho kwa sababu tu mmeshika simu.

Hatua ya tatu: chukua nakala yako

Kinachofutwa hakirudi, hivyo chukua kwanza unachokipenda. Fungua takeout.google.com. Utaona orodha ndefu ikiwa imechaguliwa yote. Ondoa alama zote, kisha chagua vitu viwili au vitatu tu. Kwa wengi wetu ni majina ya simu na picha. Majina ni faili dogo sana. Picha ni mzigo: akaunti ya bure ina nafasi ya GB 15, na ukipakua zote kwa bando la siku utalia. Nenda mahali penye waifai, au pakua kwa vipande. Mfumo wenyewe hugawanya mafaili, kwa kawaida ya GB 2 kila moja. Ukiomba nakala, kiungo cha kupakulia huja kwa barua pepe baada ya dakika chache au hata siku kadhaa, nacho hudumu takriban wiki moja. Kikiisha muda unaomba upya.

Ukipakulia kwenye kompyuta ya steshenari, hamishia kwenye flashi yako, futa faili pale ulipolipakulia, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Mimi hufanya kazi steshenari, na kila wiki nakuta akaunti ya mteja imeachwa wazi, barua zake zote zikionekana kwa atakayeketi baada yake.

Hatua ya nne: funga bomba kabla ya kudeki

Kwenye Data na faragha, zima kila fungu usilolihitaji. Kumbuka kuzima huzuia yajayo tu. Ya zamani yanabaki mpaka uyafute. Kama hutaki kuzima kabisa, weka ufutaji wa moja kwa moja: unachagua miezi 3, 18 au 36, na kila kilichopita umri huo kinafutwa chenyewe. Ushauri wangu ni miezi 3. Sijaona mtu aliyenufaika na kumbukumbu ya alichokitafuta mwaka juzi.

Maeneo uliyokwenda yana utaratibu wake. Tangu mabadiliko ya mwaka 2024, rekodi hiyo inahamishiwa kwenye simu yenyewe, kwa hiyo fungua programu ya Ramani, gusa picha yako juu, tafuta rekodi ya maeneo, uizime na kuifuta hapo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uone programu zipi zinaruhusiwa kujua ulipo. Tochi haina sababu ya kujua kwamba uko Kibaigwa.

Palepale kagua ruhusa ya majina ya simu. Jambo hili nina uchungu nalo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na waliokopa huko wanajua yaliyowakuta: majina yote kwenye simu huchukuliwa, kisha mkopaji akichelewa, ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mchungaji. Ruhusa uliyoitoa kwa kugusa mara moja ndiyo iliyofungua mlango huo. Ruhusa ya majina wapewe wanaopiga simu na kutuma ujumbe, wengine wanyimwe.

Hatua ya tano: futa ya zamani

Kwenye ukurasa wa shughuli utapata kitufe cha kufuta chenye chaguo la saa iliyopita, siku, kipindi maalumu, au tangu mwanzo. Shangazi alichagua tangu mwanzo. Barua pepe ulizofuta hukaa kwenye tupio siku 30, na picha zilizohifadhiwa Google Photos hukaa siku 60, kisha hutoweka. Ukitaka ziondoke leo, fungua tupio ulimwage mwenyewe. Kwenye mitambo ya Google kuondoka kabisa kunachukua takriban miezi 2, na kwenye nakala za akiba inaweza kufika miezi 6.

Kufuta akaunti nzima

Wengi waliokuja kwangu wakitaka kufuta akaunti nzima walikuwa wamemaliza shida yao kwenye hatua ya tano. Fikiri kabla. Anwani ile ya barua pepe huenda ndiyo uliyoandika Ajira Portal, ndiyo uliyosajilia jina la biashara BRELA, ndiyo iliyo kwenye fomu ya chuo. Pita kila mahali hapo ukabadilishe anwani kwanza, ujaribu kuingia, ndipo urudi. Mhitimu anayesubiri kuitwa kwenye usaili akifuta barua pepe yake, mwito utakwenda pasipo na mtu.

Kama bado umeamua, kitufe kiko chini kabisa ya Data na faragha, pamoja na chaguo la kufuta huduma moja tu, kwa mfano barua pepe, na kubakiza mengine. Utasomewa unachopoteza, utaweka alama mbili za kukubali, utathibitisha. Ukijuta, jaribu kuirejesha haraka, ukichelewa, basi. Anwani ile hatapewa mtu mwingine.

Ukiuza simu, toa akaunti kwenye simu kabla ya kuirudisha hali ya kiwandani. Usipoitoa, mnunuzi atakwama kwenye kioo kinachodai nenosiri lako.

Mitandao mingine nitaitaja kwa haraka. WhatsApp ina chaguo la kufuta akaunti ndani ya mipangilio, na kufuta taarifa kunaweza kuchukua hadi siku 90. Facebook hukupa siku 30 za kubadili mawazo. Ukiingia katikati ya siku hizo, unaweza kusimamisha ufutaji. Na jambo linalowapotosha wengi: kuondoa programu kwenye simu hakufuti akaunti. Taarifa zako zinabaki kwa mwenye programu. Google sasa inadai programu zilizo Play Store na zinazofungua akaunti ziweke njia ya kuomba ufutaji, hata kwa mtu aliyekwisha kuiondoa. Fungua ukurasa wa programu hiyo dukani, soma sehemu ya usalama wa data, utafute kiungo.

Ambako hakuna kitufe, andika barua

Shangazi alikuwa akipata ujumbe wa kampuni moja ya mikopo ambayo hajawahi kukopa kwao. Namba yake ilitoka kwenye simu ya mtu mwingine. Hana akaunti kwao, hivyo hana cha kubonyeza. Tuliandika hivi, kwa barua pepe ya huduma kwa wateja iliyokuwa kwenye tovuti yao:

"Mimi ni mmiliki wa namba ya simu iliyoandikwa hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba mnijulishe taarifa zangu mlizonazo, mlikozipata na mliowapa. Naomba mzifute na msizitumie tena kunitumia matangazo wala madai. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14."

Siku 14 tulizipanga sisi, ili kuwe na tarehe ya kusimamia. Usiambatishe picha ya kitambulisho kama hujaombwa. Huendi kuomba kufutwa kwa kumwongezea mtu taarifa. Wakidai uthibitisho, waulize wanahitaji nini hasa, na ukitoa nakala, iandike juu yake imetolewa kwa kazi gani na tarehe gani. Na usitegemee kila kitu kitafutwa. Benki au kampuni ya simu ina kumbukumbu ambazo sheria nyingine zinaitaka izitunze. Hapo dai wakuambie kwa maandishi wanabakiza nini na kwa sababu gani.

Wasipojibu, au wakijibu kwa kukukatalia bila sababu, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anza kwenye tovuti yake, pdpc.go.tz. Eleza kwa mpangilio wa tarehe: lini taarifa zilitumika, ulimwandikia nani, alijibu nini. Ambatisha barua yako ya kwanza, picha za ujumbe uliopokea zikionyesha namba ya mtumaji na saa, na majibu kama yapo. Usifute ujumbe huo hata kama unakukera. Ukipeleka kwa karatasi, toa nakala mbili, moja igongewe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani.